Swali la Kumi na Tatu Ulipata Ngapi?

Karatasi moja ya Hisabati ya KCSE hufanywa kwa saa mbili na nusu. Mjadala wake haujulikani utaisha lini. Msimamizi akishazikusanya karatasi zote, akazihesabu na kuwaruhusu watahiniwa watoke, hawafiki mbali kabla ya mmoja kuuliza: "Swali la kumi na tatu ulipata ngapi?" Anayejibu akitaja tarakimu tofauti na ya mwenzake, wa tatu huitwa aamue, wa nne hujitia kati bila kuitwa, na kijiti kikaokotwa ili pembetatu ichorwe upya mchangani, chini ya mwembe. Ndivyo inavyokuwa Novemba ikifika katika shule za Garsen, Ngao, Tarasaa na Hola, kaunti ya Tana River, na ndivyo inavyokuwa kote nchini Kenya.

Walimu wengi hawaupendi mjadala huo. Wosia wao haubadiliki mwaka hadi mwaka: karatasi ikishakwenda imekwenda, shikeni inayokuja. Wanafunzi huitikia "ndio, mwalimu", kisha huendelea nyuma ya bweni. Wa kutwa humalizia njiani, wakielekea nyumbani.

Nani ana haki? Ukitazama jinsi KCSE inavyosahihishwa na jinsi gredi zinavyopatikana, utaona kuwa walimu wana haki kwa jambo moja na wanafunzi kwa jingine. Utaona pia kuwa mwenye uwezo wa kuumaliza ubishi huo, Baraza la Mitihani ya Kitaifa la Kenya (KNEC), hayupo chini ya mwembe, na anayoyajua huwafikia wanafunzi wakiwa wameshatawanyika.

Uzito wa gredi moja

KCSE ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ikiwa mtihani wa kumaliza sekondari katika mfumo wa 8-4-4. Ndiyo lango la chuo kikuu. Anayetaka kusomea shahada kwa kupangiwa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa wanafunzi vyuoni, ni sharti apate wastani wa C+ au zaidi. Mwaka 2024 mtihani huo ulifanywa na watahiniwa 962,512. Matokeo yalipotangazwa Januari 2025, waliofikisha C+ walikuwa 246,391, takriban mmoja kati ya kila wanne. Waliobaki walitazamia diploma, vyeti vya ufundi, kurudia darasa au kazi.

Tana River ni kaunti pana yenye watu wachache. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 35,000, yaani ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 tu. Wapokomo hulima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei hufuga, na jamii nyingine ndogo huishi kati yao. Garsen ni njia panda: barabara moja inakwenda Malindi, zaidi ya kilomita 100 kusini, nyingine inaelekea Witu na Lamu, na nyingine inapanda Hola hadi Garissa. Kijana wa Garsen akitajiwa chuo kikuu cha umma kilicho karibu, huwazia Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au Chuo Kikuu cha Garissa, na kwa vyovyote huwazia nauli, kodi ya chumba na karo.

Kwa hiyo hesabu zinazopigwa baada ya mtihani si za wanafunzi peke yao. Mzazi naye anataka kujua. Mfugaji mwenye ng'ombe wa kuuza katika soko la mifugo la Garsen anataka kufahamu kama amwuze Desemba, malisho yakiwa yameota na mnyama amenona, au amweke. Mama anayeuza maembe au samaki anataka kujua kama aanze kuweka akiba. Katika familia zinazoona msichana aliyemaliza kidato cha nne yuko tayari kuozwa, miezi miwili ya kungoja matokeo si mapumziko kwake. Akiweza kusema kwa uhakika kwamba amefanya vizuri, anapata silaha ya kujitetea. Asipoweza, wengine watamsemea.

Hapo ndipo swali la kumi na tatu linapopata uzito. Jibu lake haliwezi kumpeleka mtu popote, lakini ni kitu pekee alicho nacho mkononi.

Jibu moja, alama tatu

Kasoro ya kwanza ya mjadala wa chini ya mti ni kwamba unalinganisha kisicholipwa sana. Wanafunzi hulinganisha majibu ya mwisho. Msahihishaji wa Hisabati hulipa njia.

Jalada la karatasi ya Hisabati lenyewe humwagiza mtahiniwa aonyeshe hatua zote za kukokotoa, na kumweleza kuwa huenda akapewa alama kwa njia sahihi hata kama jibu si sahihi. Katika mwongozo wa kusahihisha, alama hugawanywa kwa herufi: M ni alama ya njia, A ni alama ya usahihi wa jibu linalotokana na njia hiyo, na B ni alama inayosimama peke yake.

Tuchukue swali la mfano. Mtu ameweka benki shilingi 20,000 kwa riba mseto ya asilimia 10 kwa mwaka. Atakuwa na kiasi gani baada ya miaka mitatu? Swali lina alama tatu. Mwanafunzi wa kwanza ameandika kanuni, akaweka tarakimu mahali pake, akapata 26,620. Wa pili ameandika kanuni ileile na tarakimu zilezile, lakini mkono ukateleza kwenye kuzidisha, akaandika 26,260. Wa tatu amekokotoa riba ya kawaida, akapata 26,000. Wa nne ameandika 26,620 bila hata mstari mmoja wa kazi.

Chini ya mwembe, wa kwanza na wa nne wamepata na wanapongezana. Wa pili na wa tatu wamekosa, na wanaondoka wakiwa na huzuni sawa. Mezani kwa msahihishaji mambo ni mengine. Wa kwanza ana zote tatu. Wa pili amepoteza alama ya usahihi, lakini alama za njia ni zake. Wa tatu ametumia kanuni isiyofaa, na huenda asipate kitu. Wa nne, aliyekuwa akichekelea, hajaonyesha njia yoyote ya kulipwa, na mwongozo ukidai njia, jibu lake sahihi halitampa alama zote.

Sehemu ya pili ya karatasi hiyo inazidisha utata. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Ya pili ina maswali manane, na mtahiniwa huchagua matano ya alama 10 kila moja. Wawili waliochagua maswali tofauti hawana cha kulinganisha, ila utawasikia wakishindana ni nani aliyechagua maswali rahisi. Na kwa kuwa Hisabati hujibiwa ndani ya kijitabu cha maswali, hakuna anayetoka na karatasi. Mjadala wote unategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyetoka kutoa jasho kwa saa mbili na nusu katika joto la Garsen ina mashimo. Mara nyingi ubishi wa nusu saa huisha kwa kugunduliwa kwamba mmoja alisoma asilimia 10 na mwingine asilimia 12.

Kemia na bureti ya shule jirani

Mfano mzuri zaidi unatoka maabara. Katika jaribio la Kemia, mtahiniwa hufanya titresheni: anadondosha myeyusho kutoka kwenye bureti hadi rangi ibadilike, anasoma kipimo, anarudia mara tatu na kutafuta wastani. Jedwali la namna hiyo huwa na alama tano, nazo zimegawanywa hivi: moja ya kulijaza jedwali kikamilifu, moja ya kutumia desimali kwa utaratibu mmoja, moja ya usahihi wa kipimo, moja ya kanuni ya kutafuta wastani, na moja ya usahihi wa wastani wenyewe.

Usahihi huo unapimwa kwa nini? Hupimwa kwa kipimo cha shule husika. Mwalimu hulifanya jaribio hilohilo kwa kemikali zilezile zilizotayarishwa shuleni hapo, na tarakimu anayoipata hutumwa pamoja na kazi za wanafunzi. Mtahiniwa akiikaribia kwa sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo, anapata alama. Baraza linafahamu kuwa myeyusho uliochanganywa Hola hauwezi kulingana tone kwa tone na uliochanganywa Ngao.

Basi binamu wawili wa shule mbili tofauti wanapokutana Jumamosi, mmoja akasema alipata 24.6 na mwingine 21.9, hakuna kati yao mwenye sababu ya kukosa usingizi. Wote wawili wanaweza kuwa wamepata. Na wote wawili wanaweza kupata alama za desimali na za kanuni ya wastani hata kama vipimo vyao vilipotoka. Lakini hilo halijulikani chini ya mti isipokuwa mwalimu wa Kemia awe amelifundisha darasani.

Maabara inaonyesha pia mpaka kati ya mjadala na hatia. Shule zenye watahiniwa wengi na maabara ndogo hufanya majaribio kwa zamu. Wanaongojea hutengwa, na waliomaliza hawaruhusiwi kukutana nao. Maneno yaleyale, "ulipata ngapi?", yakisemwa baada ya zamu zote ni gumzo, na yakisemwa dirishani kabla ya zamu ya pili ni udanganyifu. Ndani ya chumba cha mtihani ni vivyo hivyo. Wasahihishaji hutazama kama watahiniwa wa kituo kimoja wameandika makosa yaleyale kwa maneno yaleyale, na wakibainika wameshirikiana, matokeo yao hufutwa. KCSE ya 2015 iliacha watahiniwa 5,101 bila matokeo kwa sababu ya udanganyifu. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 nayo inamtishia anayepata au kusambaza karatasi kabla ya wakati kwa kifungo cha hadi miaka 10, faini ya hadi shilingi milioni 2, au vyote viwili. Mwakenya (karatasi ya majibu) uliofichwa soksini na karatasi bandia zinazouzwa kwa simu ni balaa jingine, na halifai kuchanganywa na ubishi wa watoto waliokwisha kutoka.

Kiswahili: wengi wanaweza kupata

Katika Kiswahili, mjadala hupotosha kwa njia nyingine. Karatasi ni tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Katika Fasihi, swali la dondoo limezoeleka kuliko yote. Mtahiniwa anapewa maneno ya mhusika na kutakiwa kueleza muktadha wake kwa alama nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Wanaosoma tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, wanaweza kubishana mpaka jua litue kama maneno fulani Neema aliambiwa na mumewe Bunju au na mama yake Sara. Aliyekosea msemewa anaamini swali lote limekwenda na maji. Kumbe amepoteza alama moja kati ya nne.

Swali la kueleza maudhui hukubali hoja nyingi kuliko zinazohitajika. Mwongozo waweza kuorodhesha hoja kumi na kudai tano. Mwanafunzi ambaye hoja zake hazifanani hata moja na za rafiki yake huenda akawa na alama zote, na rafiki yake pia. Lakini hofu ya kuwa peke yake humfanya aone amepotea, hasa kama rafiki huyo ndiye kinara wa darasa.

Na kinara ana nguvu nyingi mno hapo mtini. Akisema "ni 26,620", mjadala umefungwa. Akikosea, anakosea na kundi zima. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti uliowataka wanafunzi wakadirie jinsi walivyofanya katika majaribio ya mantiki, sarufi na ucheshi. Walioshika mkia, ambao kwa wastani walikuwa nafasi ya 12 kati ya 100 kutoka chini, walijidhania kuwa nafasi ya 62. Waliofanya vizuri sana walijishusha wakijilinganisha na wengine, kwa kuwa walidhani lililo jepesi kwao ni jepesi kwa kila mtu. Anayetaka kujua kwa nini aliyejua huondoka kimya na asiyejua huondoka akiimba, hapo ana sehemu ya maelezo.

Gredi hutoka kwa umati

Tuseme mwanafunzi amekumbuka maswali yote, anaufahamu mwongozo, na amejipigia hesabu bila kujipendelea. Anajua ana alama 58 kati ya 100. Je, hiyo ni gredi gani?

Hawezi kujua, kwa kuwa mipaka ya gredi haiandikwi kwenye karatasi. Hupangwa baada ya usahihishaji, kwa kutazama jinsi watahiniwa wote walivyofanya na jinsi karatasi yenyewe ilivyokuwa ngumu. Hisabati, ambayo kwa miaka mingi wastani wake wa kitaifa umekuwa chini ya 30 kwa mia, haiwezi kugawiwa gredi kwa vipimo vilevile vya somo ambalo wengi hupata 60.

Mwaka 2016 ulitoa funzo kali. Waziri wa Elimu Fred Matiang'i na mwenyekiti mpya wa KNEC, Profesa George Magoha, walibana ulinzi wa mitihani na kuharakisha usahihishaji. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walikuwa wamepata A. Matokeo ya 2016, yaliyotangazwa kabla ya mwaka kuisha, yalikuwa na A 141 pekee. Waliokadiria gredi zao chini ya miti Novemba 2016 walitumia vipimo vya mwaka uliotangulia, na vipimo hivyo vilikuwa vimekufa.

Tanzania iliona jambo hilo kutoka upande wa pili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri, yaani wamefeli. Taifa lilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Mei mwaka huohuo matokeo mapya yakatoka. Majibu ya wanafunzi hayakubadilika hata herufi moja, ila baadhi yao walihama kutoka kufeli hadi kufaulu.

Kenya nayo ilibadilisha kanuni mwaka 2023. Wastani sasa hutokana na Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha masomo matano mengine ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Saba kwa pointi 12 ni 84. Kwa mtoto wa Pwani aliyekizoea Kiswahili tangu utotoni, mabadiliko haya yana maana: karatasi mbaya ya Kiingereza haiuangushi wastani wake kama zamani. Hata hivyo KUCCPS huangalia pia masomo manne ya kundi la kozi anayoiomba, yenye jumla ya pointi 48. Kwa hiyo C+ yaweza kumfungulia lango, ikamwacha nje ya chumba anachokitaka.

Wanapozungumza, na wanapopaswa kunyamaza

Sasa tuwape walimu haki yao. KCSE si siku moja. Karatasi za kuandika huendelea kwa takriban wiki tatu, na masomo mengi yana karatasi mbili au tatu. Mwanafunzi anayegundua saa sita mchana kwamba "amekosa" maswali manane ya Hisabati, hali huenda ana alama za njia katika sita kati ya hayo, anaingia karatasi ya alasiri akiwa ameshajihukumu. Usiku aliopaswa kusoma Biolojia anaumaliza akirudia hesabu isiyoweza kufutwa. Hasara hiyo ni halisi, na inatokana na taarifa isiyo sahihi. Kati ya karatasi ya kwanza na ya mwisho, wosia wa mwalimu ni sahihi.

Huko Tana River mtahiniwa ana mizigo mingine inayomtosha. Wa mwaka 2012 walifanya mtihani hofu ikiwa bado mbichi. Machafuko yaliyozuka katika delta ya Mto Tana Agosti mwaka huo yaliua watu zaidi ya 100 kufikia Januari 2013. Wa mwaka 2023 walikuwa wametoka kwenye ukame mrefu ulioangamiza mifugo, kisha mvua za El Niño zikanyesha Novemba, katikati ya mtihani. Mto Tana ulivunja kingo, barabara zikakatika, vijiji vikahama, na serikali ikalazimika kutumia helikopta kufikisha mitihani katika maeneo yaliyozingirwa na maji. Mtoto ambaye kwao kumefurika hahitaji kuongezewa wasiwasi wa swali la kumi na tatu.

Lakini baada ya karatasi ya mwisho, wosia huo hauna mashiko tena. Hapo wanafunzi ndio wenye haki. Kulinganisha majibu ni somo la mwisho la miaka minne, na ni somo ambalo wanafunzi wamelitaka wenyewe. Aliyeshindwa swali la riba mtihani mzima atalielewa kwa dakika tatu mwenzake akilichora mchangani, maana sasa ana hamu ya kujua. Kidato cha tatu wakisogea kusikiliza, nao wanapata walichokosa vitabuni. Hata msongo hupungua mtu akigundua kwamba si yeye peke yake aliyeshindwa.

Kinachokosekana mezani

Kuna wakati majibu yalisafiri mbali zaidi. Kabla ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki kuanzishwa 1967, na KNEC baada yake mwaka 1980, mitihani ya sekondari ilikuwa ya Cambridge, na waliohitimu walingoja hukumu kutoka Uingereza. Leo karatasi za KCSE husahihishwa nchini, kila msahihishaji akishughulikia swali lake na kumpitishia mwenzake, na kazi yote huisha ndani ya wiki chache. Umbali umepungua, ila mtahiniwa bado haoni ndani.

Nchi nyingine zimejaribu kulijaza pengo hilo. Uchina, ambako watahiniwa wa gaokao, mtihani wa kuingia vyuo vikuu, walizidi milioni 13 mwaka 2024, wanafunzi wa mikoa kadhaa kwa miaka mingi walijaza fomu za vyuo kabla ya kujua alama zao. Walipewa majibu, wakajikadiria, wakachagua. Aliyekadiria vibaya alikosa nafasi, na ndiyo maana mikoa mingi imehamia kujaza fomu baada ya matokeo. India, katika mitihani ya kuingia vyuo vya uhandisi na udaktari, mamlaka huchapisha majibu ya awali na kumruhusu mtahiniwa kulipinga jibu kwa kulipa ada. Hiyo ni rahisi kwao kwa sababu maswali yao mengi ni ya kuchagua. Insha na dondoo havipimwi hivyo.

Kenya ina hazina yake. Kila mwaka KNEC hutoa ripoti ya KCSE inayochambua kila somo: swali lipi liliwashinda watahiniwa, walikosea wapi, na jibu lililotarajiwa ni lipi. Ni kitabu cha maana kuliko mijadala yote ya chini ya miti. Tatizo ni kwamba hutoka baadaye, wahusika wakiwa wameshatawanyika, nacho huuzwa. Shule kubwa ya Nairobi hununua. Shule ya kutwa katika delta ya Tana, inayotafuta fedha za kemikali na za kurekebisha paa, huiweka mwisho wa orodha. Tena wasahihishaji, ambao ni walimu wa shule zilezile, ndio wanaojua jinsi alama zinavyogawanywa. Shule yenye wasahihishaji watatu ina elimu ambayo shule isiyokuwa na hata mmoja haina.

Kwa hiyo mjadala wa Garsen na mjadala wa shule ya kitaifa haiko sawa, hata kama maneno ni yaleyale. Kule, baada ya ubishi, kuna mwalimu atakayesema: "Hapo una alama mbili kati ya tatu." Huku, kinara wa darasa ndiye hakimu.

Mfumo mpya wa elimu, unaochukua nafasi ya 8-4-4, utapunguza baadhi ya haya. Tathmini ya sekondari ya chini, KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025, ni asilimia 60 tu ya alama za mwanafunzi wa gredi ya tisa. Asilimia 40 hutokana na tathmini za miaka iliyotangulia. Atakayetoka kwenye chumba cha mtihani kama huo anajua kwamba sehemu ya alama zake imeshawekwa kapuni. Lakini KCSE ya 8-4-4 itaendelea hadi 2027, na kijana aliye kidato cha nne hafaidiki na mfumo wa mdogo wake.

Yanayofaa kufanywa si mengi, wala si ghali. KNEC ichapishe miongozo ya kusahihisha bila malipo siku ileile matokeo yanapotangazwa, wakati shule bado zina nafasi ya kuulizia matokeo yenye shaka, na familia bado zinapanga. Ofisi za elimu za kaunti ndogo zihakikishe kila shule ya Tana River ina ripoti ya mwaka uliopita kabla ya muhula wa tatu kuanza. Walimu waliowahi kusahihisha watenge alasiri moja baada ya karatasi ya mwisho, waketi na watahiniwa, wafungue maswali moja baada ya jingine na kuonyesha alama zilipo. Watahiniwa nao wasubiri hadi siku hiyo, na wakiulizana, waulizane "ulifanyaje?" kabla ya "ulipata ngapi?"